Naomba Viza Nikauone Mtaa Wangu

Jumapili saa nane mchana, jua la mwezi wa kumi limenibana kibarazani, tonge la bukari liko njiani kati ya sahani na mdomo, simu ikalia. Mpwa wangu aliyeko Ubelgiji ametuma picha. Amesimama ndani ya koti zito, meno yote nje kama bwana harusi, na nyuma yake ukutani imetundikwa picha kubwa: bomba la moshi la Gécamines, na ubavuni mwake ule mlima wetu mweusi wa makapi ya shaba. Chini ameandika: "Tonton, angalia! Lubumbashi yetu njo hii!"

Nikaangalia. Halafu nikaangalia ng'ambo ya ukuta wangu. Mtu akipanda juu ya tangi la maji la jirani, siku isiyo na vumbi, bomba hilohilo analiona, na urefu wake wote wa mita zaidi ya 150, bila tiketi na bila koti. Nikamuuliza mpwa wangu alilipa kiasi gani kuingia hapo. Akanitajia kwa euro. Nikapiga hesabu: nusu mfuko wa unga. Nusu mfuko wa unga kwa ajili ya bomba ambalo moshi wake niliumeza bure utoto wangu wote!

Kabla sijamaliza kuhesabu, akaniuliza swali lililoniharibia wiki nzima: "Na weye, tonton, ulienda kuangalia Bienale ya sanaa?"

Nikamjibu nilienda. Uongo mtupu. Lakini ningefanya nini? Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu ananiuliza kutoka Ulaya kama nimeshauona mji ninaoishi.

Ninakaa Kasapa, na hapo tu penyewe pana kesi. Ukisema mjini kwamba unatoka Kasapa, mtu atakupima kutoka kofia mpaka viatu, kisha aulize: "Kasapa ya upande gani? Ya masomo ao ya buloko?" Maana jina ni moja, lakini chuo kikuu kiko huku na gereza kuu liko kule. Chuo kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1955, na tangu hapo wazazi wa mji huu wana tabu ya kueleza. Ukitangaza kwa furaha kwamba kijana wako yuko Kasapa na amebakiza miaka miwili, watu wanakupa pole. Mimi sina upande. Chuoni digrii yangu haitoshi, na gerezani wanaingizwa walioiba kidogo, nami hata hicho kidogo sijakipata. Ni mwalimu wa sekondari.

Basi nikaapa. Kabla Jumapili nyingine haijarudi na simu yake, nitauona utamaduni wa Lubumbashi kwa macho yangu mawili, nisikutwe tena.

Jumatatu nikaanza na teatri. Mji huu una jumba la teatri, tena si kibanda. Lilijengwa miaka ya 1950, mchoro wake wa Claude Strebelle, Mbelgiji, na jirani yake yakawekwa makumbusho, ili mtu akitoka kutazama michezo akatazame na vinyago. Wakati huo mji unaitwa Élisabethville, na babu zetu walikaribishwa humo zaidi na ufagio kuliko na tiketi. Uhuru ukaja. Wanasiasa wakachungulia ndani: viti vipo, jukwaa lipo, taa zipo, pazia lipo. Wakaingia. Wametoka hao, wakaingia wengine, na leo jumba linaitwa Jengo la 30 Juni na ndimo linamoketi Bunge la mkoa wa Haut-Katanga.

Nilijua. Kila mtu anajua. Lakini nilidhani labda jioni, waheshimiwa wakishakwenda kulala, jukwaa hurudi kwa wenyewe. Nikamwambia mama watoto avae kile kitenge cha harusi ya dada yake, tukapanda basi, tukabanana, tukafika, tukasimama mbele ya jengo. Kimya. Hapakuwa hata na karatasi ya tangazo. Mama watoto akanitazama, akakitazama kitenge chake kilichokunjika kwenye basi, akasema taratibu:

"Baba ya batoto, tiketi ya humu tulishakata. Ile siku ya kura."

Tukarudi kwa basi lilelile.

Nisiwaonee waheshimiwa, maana kati yao amewahi kuingia msanii wa kweli. Nani asiyemkumbuka Robert Kidiaba, golikipa wa TP Mazembe? Desemba 2010, Abu Dhabi, kombe la dunia la vilabu. Mazembe inaifunga Internacional ya Brazil 2-0, na kwa mara ya kwanza klabu ya Afrika inaingia fainali. Kidiaba anakaa chini, miguu mbele, mikono mbele, na kuanza kudunda kwa makalio juu ya nyasi, du, du, du, kama mtu anayepanda gari la mizigo kwenye barabara ya Kasenga. Fainali Inter Milan walitupiga tatu, sawa, lakini hakuna anayekumbuka ngoma ya Inter Milan. Ile ya Kidiaba dunia nzima iliiga. Watoto wa mtaa wetu walimaliza suruali za shule mwezi mmoja, na mimi ndiye niliyezinunua. Kisha baada ya uchaguzi wa 2018 Kidiaba akawa mbunge wa mkoa. Yaani mcheza ngoma mkubwa kuliko wote waliotoka mji huu alikabidhiwa jukwaa letu la teatri, na humo kudunda hakukuruhusiwa!

Jumanne sikutoka. Mshahara ulikuwa haujaonekana, na utamaduni bila nauli ni wa kusimuliwa. Nikajisemea: kwani nahitaji jumba? Sisi tulilelewa na Mufwankolo. Wasiomjua niwaambie: huyo na kikundi chake walikuwa wakicheza michezo redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha hapa, kile ambacho mimi mwalimu nakikata kwa kalamu nyekundu darasani na kukisema mwenyewe nikifika nyumbani. Mtaani kwetu televisheni ilikuwa moja. Kila mtu alikuja na kigoda chake, na mwenye nyumba alikaa nyuma kabisa kwa sababu alichelewa kutoka jikoni kwake mwenyewe. Tulicheka mpaka mbwa wakabweka. Hakuna aliyejua kwamba tunachokiona ni kitu cha kuandikiwa kitabu.

Kumbe! Miaka baadaye mwenzangu wa chuoni ananionyesha kitabu kinene, cha Kiingereza, kimechapwa Marekani mwaka 1990. Mwandishi ni Johannes Fabian, profesa aliyewahi kufundisha hapahapa Lubumbashi. Kumbe mwaka 1986 alikuwa na akina Mufwankolo, akawauliza habari ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Badala ya kumjibu kama watu wanavyojibu profesa, wao wakatengeneza mchezo mzima, na profesa akaandika kila kitu: mazoezi, mabishano, nani alisimama wapi, nani alisahau maneno. Nilikisoma kitabu hicho na kamusi mkononi. Nacheka ukurasa wa leo baada ya kutafuta neno la jana. Vichekesho vya kigodani kwetu, navielewa kwa msaada wa kamusi ya Kiingereza!

Nikamweleza mama watoto habari ya msemo ule tukiwa mezani, kwa kuwa Jumanne hiyo kulikuwa na kuku, na kuku kwetu hatokei bila sababu. Nikamfafanulia kwamba firigisi, kwa desturi, ni ya baba mwenye nyumba, haikatwi vipande, ndiyo mamlaka yenyewe hiyo. Alinisikiliza kwa heshima zote. Nilipofungua sufuria, firigisi haikuwemo. Alikuwa bado anatafuna.

Jumatano nikaamua kuangalia michoro. Ya wengine, maana wa kwetu nyumbani haupo tena. Watu wa rika langu wanajua kwamba kila sebule ya Lubumbashi ilikuwa na mamba-muntu ukutani: nusu mwanamke, nusu samaki, saa mkononi, nyoka kiunoni, rangi ya mafuta juu ya gunia la unga. Wachoraji walipita nyumba kwa nyumba. Mmoja wa watu hao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia yote ya nchi kati ya 1973 na 1974, picha zipatazo mia: wafalme wa zamani, Wabelgiji, Lumumba, vita, Mobutu. Zimekwenda Amsterdam, makumbushoni. Na aliyezikusanya ni nani? Ni yuleyule Fabian. Simlaumu. Asingezichukua yeye, zingechukuliwa na mama yangu.

Kwa sababu mama yangu, Mungu amrehemu, mvua za 1980 na kitu zilipoingia kwenye banda la kuku, aliitazama ile mamba-muntu yetu ukutani, akalitazama paa la banda, akaona gunia lililopakwa rangi ya mafuta halipitishi maji. Akapanda na nyundo. Kuku wa kwetu walilala chini ya sanaa misimu mitatu. Juzi mpwa wangu ananitumia bei ya picha kama ile huko kwao, na kuniuliza yetu ilikuwa na sahihi ya nani. Mwanangu, sahihi ilikuwa ule upande waliodonoa kuku.

Nikitaja Amsterdam msidhani ni bahati mbaya ya mara moja. Hii ndiyo kesi yangu. Mji huu ulizaliwa 1910 kwa sababu ya shaba: shaba inatoka mbichi, inakwenda mbali, inarudi waya, na waya tunaununua kwa mita. Nasema sanaa yetu nayo imeandikishwa kwenye treni ileile. Mwandishi Mudimbe, aliyezaliwa hapo jirani Likasi na kufundisha chuoni kwetu, alimalizia ualimu wake Marekani. Fiston Mwanza Mujila, kijana wa hapa wa mwaka 1981, ameandika *Tram 83*, riwaya ya mji wa machimbo na baa yake isiyolala, akiwa Graz, Austria. Jamani, vumbi letu linaandikwa kwenye theluji! Baloji, huyu mwanamuziki, naye kazaliwa hapa, akatengeneza filamu *Augure*, ikatunzwa Cannes mwaka 2023. Mimi niliiona dakika mbili, kwenye simu ya mtu, ndani ya basi, akashuka kituo cha mbele.

Wala msiniambie ni wasanii peke yao. Ule mlima mweusi wa kwenye picha ya mpwa wangu nao umekuwa ukiondoka kidogo kidogo. Makapi yale ya shaba yalikuwa na kobalti ndani, na tangu miaka ya 2000 yamekuwa yakichotwa, yakiyeyushwa tena, na mali iliyopatikana kupelekwa Kokkola, Finland. Mlima! Kitu ambacho hata kwenye Biblia hakiondoki bila imani. Mlima wa Lubumbashi umefika Finland, na mimi bado natafuta picha ndogo mbili za pasipoti zenye ukuta mweupe nyuma.

Alhamisi ilinikuta nyumbani kwa sababu ya kelele. Kijana wangu wa pili ameamua kuwa mpiga gitaa. Gitaa limekosa waya mmoja. Anasema halina neno. Nikasimama mlangoni kumsikiliza, nikashtuka: anatafuta wimbo wa Mwenda Jean Bosco. *Masanga*! Wimbo ambao Hugh Tracey aliurekodi mwaka 1952, Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville, na ulimwengu wa wapiga gitaa haujapona mpaka leo. Bosco mtu wa Bunkeya, alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, lakini ukisikiliza ungeapa kuna watu watatu ndani ya chumba na mmoja wao ana haraka. Yeye na Edouard Masengo walifika mpaka Nairobi, na Wakenya wakajifunza gitaa kwetu.

Machozi yalinilenga. Nikasema: damu haipotei. Nikaingia taratibu nimkumbatie mwanangu, nikakuta simu yangu, YANGU, imeegemezwa kwenye sufuria, na ndani yake mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu anaeleza polepole gumba liende wapi na cha shahada kiende wapi. Kijana hakugeuka hata kichwa.

"Papa, uyu muzungu anapigaka sawa Bosco mwenyewe."

Megabaiti za wiki nzima zimekwisha. Nimelipa falanga zangu ili mtoto wa Lubumbashi afundishwe na mtu mwenye ndevu nyekundu jinsi mtu wa Bunkeya alivyopiga gitaa. Na ubaya wa mambo, yule mzungu anapiga vizuri. Nilikaa nikatazama mpaka mwisho.

Kuna wakati wageni walikuja wao kwetu, nisiseme uongo mara mbili katika wiki moja. Novemba 1960, Katanga imejitenga, Tshombe yuko ikulu, Umoja wa Mataifa umejaa njiani, na Louis Armstrong akatua hapa na tarumbeta lake. Wazee wanasema siku hiyo hata wenye bunduki walikaa kusikiliza. Kila mzee wa Lubumbashi alimshika mkono Armstrong. Marehemu baba alimshika. Baba wa jirani alimshika. Fundi wangu wa viatu, ambaye kwa hesabu ya kadi yake alizaliwa 1963, naye alimshika. Kama ni kweli, yule bwana alirudi kwao hana mkono wa kushikia tarumbeta.

Ijumaa, hatimaye, sanaa za kisasa. Niwape haki yao: akina Sammy Baloji na wenzake walipoanzisha Picha na ile mikutano ya mwaka 2008 iliyokuja kuwa Bienale ya Lubumbashi, walifanya kitu ambacho nakililia hapa tangu juu, yaani kuwaleta watu waangalie hapa, wakanyage vumbi lenyewe. Hata jina walichagua letu, picha. Mwaka 2022 mada yao ilikuwa sumu. Kuja Lubumbashi kuzungumzia sumu ni kama kwenda Ziwa Moero kuzungumzia samaki, wataalamu utawakuta wamekaa tayari. Tatizo halikuwa kwao, lilikuwa kwangu: kila mara nilikuwa nasahihisha madaftari.

Ijumaa hii kulikuwa na ufunguzi wa maonyesho mahali fulani mjini, sitapataja, wasije wakanikatalia mwakani. Nikapaka viatu kiwi mara mbili. Hotuba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Msemaji wa tatu alitumia neno moja la Kifaransa refu kama treni ya mizigo ya Sakania: unaona kichwa kinapita, unasubiri, unasubiri, mkia bado uko Zambia. Nikageuka kutafuta kiti. Hakuna. Nimegundua sanaa ya kisasa ina uadui na viti. Ukikiona kiti kimoja katikati ya chumba usikikalie, hicho ndicho sanaa.

Ukutani kulikuwa na picha ya magunia ya makaa yamepangwa juu ya baiskeli, na mtu anaisukuma, mgongo umepinda. Nilisimama hapo muda mrefu, kwa sababu baiskeli zile zinapita mbele ya nyumba yangu kila alfajiri na sijawahi kuona kwamba mtu anayesukuma hukanyaga kwa ncha za vidole, kisigino hakigusi chini. Nilikuwa bado nakitazama hicho kisigino, ndipo mama mmoja mgeni, daftari mkononi, miwani myekundu, akanijia polepole kwa Kifaransa cha upole, akaniuliza ni kitu gani katika kazi hii kinanigusa.

Nikamjibu: miguu.

Akaandika ukurasa mzima. Mimi nilikuwa na maana ya miguu yangu, ambayo viatu vilikuwa vinaibana, lakini alishukuru sana, na nikaona si vizuri kumharibia. Wakati tunaagana sambusa zilikuwa zimepita. Kuna mabwana wa mji huu, nawajua kwa sura, wanaohudhuria kila ufunguzi, hawaangalii ukuta hata mmoja, wanasimama pale mlango wa jikoni unapofungukia. Mimi nilipata karatasi ya kujifutia mikono.

Nikalala Jumamosi mchana kwa hasira, nikiwa na hoja zangu zote tayari za kumwambia mpwa wangu. Giza lilipoingia umeme ukaenda, kama unavyokwenda, nikasema afadhali, angalau mtaa utanyamaza. Ndipo nikasikia du.

Jirani wa upande wa pili alikuwa anamaliza kilio cha bibi yao, mzee aliyekula chumvi nyingi, kwa hiyo ndugu walitaka wamwage huzuni kwa shangwe. Walikuwa wameleta karindula. Kwa asiyeijua: chukua pipa zima la mafuta, la lita mia mbili, livishe ngozi ya mbuzi upande mmoja, chomeka mti mrefu kama mti wa mlango, funga nyuzi nne. Hilo ni banjo, lakini banjo lililokula likashiba. Halihitaji umeme. Hapo ndipo kosa lake, hakuna wa kulizima. Karindula hizi nazo, msije mkafikiri zimesalimika, zilishatolewa kwenye diski na kampuni ya Brussels mwaka 2011.

Saa tano nikavumilia. Saa saba nikatia pamba masikioni. Sauti ikaingia kwa kupitia kitanda. Saa nane na nusu nikatoka kama nilivyo, singlendi na kitenge cha mama watoto kiunoni, ndala miguuni, nikavuka barabara. Pipa lilikuwa katikati ya duara, maandishi ya kampuni ya mafuta bado yanasomeka ubavuni, na pembezoni mwa ngozi mbuzi alikuwa bado na manyoya yake, meupe na ya kahawia. Kijana anayelipiga alikuwa amefumba macho. Wa pili anapiga ubavu wa pipa kwa vijiti viwili. Wajane, watoto, mabinti wa chuo, dereva wa basi letu, wote wanazunguka, na noti za falanga zinabandikwa kwenye paji la uso la mpigaji mpaka linafanana na daftari la deni. Nikainua mkono wa kulia juu kuomba kimya. Hakuna aliyeniona. Nikainua wa kushoto. Nikaruka kidogo ili nionekane. Nikapiga kelele: "Banduku, watu wanalala!" Mama mmoja akanibandika noti ya mia tano. Nikaruka tena, nikageuka upande wa pili kutafuta mwenye nyumba, ndala moja ikachomoka, nikabaki nachechemea nikizunguka kuitafuta, mikono bado juu, kwa sababu sikutaka kupoteza zamu ya kusema.

Nilirudi kulala saa kumi, na kusema kweli sikumbuki vizuri niliondokaje hapo.

Jumapili, saa nane mchana, bukari na sombe, simu ikalia. Mpwa wangu. Nikavuta pumzi, nikajitayarisha kumweleza wiki yangu tangu Jengo la 30 Juni mpaka kisigino cha msukuma baiskeli. Lakini yeye hakuuliza kitu. Ametuma video. Sekunde arobaini, giza, taa za simu, vumbi, pipa linaunguruma, na katikati ya duara mzee mmoja wa singlendi na kitenge, mikono juu, anaruka kwa mguu wa ndala na kuburuta ule usio na ndala, noti moja imemganda shingoni. Mama watoto alikuja kuchungulia begani kwangu, akaketi chini sakafuni kwa kicheko.

Mpwa anasema imemfikia kupitia kwa watu watatu. Wenzake huko wameiangalia tangu asubuhi. Kuna binti mmoja wa Liège, anafundisha ngoma, ameshaanza kuishika hatua ile ya kuburuta mguu, na kinachomtatiza ni mkono wa kushoto. Wanataka kujua mtindo unaitwaje.

Nilitafakari kwa muda, bukari likapoa. Nikaandika: Kasapa.

Akajibu papo hapo: "Ya upande gani, tonton?"